Gobole, ufuta na vitisho vilivyopuuzwa: uchambuzi wa kisa kimoja mkoani Lindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya mkoa wa Lindi, upande wa bara. Majina ya watu, kijiji na wilaya yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya kifamilia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya watendaji wa kata na vijiji, wajumbe wa kamati za ulinzi na usalama, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini, na yeyote ambaye siku moja atasimama mbele ya wananchi wenye hasira na kuulizwa: "Kwa nini mambo haya yanazidi?"

Mtu mmoja alifyatua gobole, bunduki ya kienyeji, kwenye kundi la watu waliokuwa wakinywa chai. Kabla hata maziko hayajafanyika, kila mtu alikuwa na jibu lake: bangi, wageni, muziki wa usiku, simu, ugaidi, majini. Majibu yote yalitaja aina fulani ya watu. Hakuna lililotaja dai lililokwama miezi sita, wala maneno ambayo nusu ya kijiji iliyasikia, wala silaha ambayo jirani zake wote walijua imewekwa wapi.

Mahali penyewe

Kata hii inaishi kwa ufuta, mbaazi na korosho. Ufuta huvunwa kuanzia mwezi wa tano, mbaazi hufuata, na korosho huanza kuokotwa mwezi wa kumi. Fedha huingia kwa mafungu, kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, na minada ya stakabadhi ghalani, ambako mazao hukusanywa ghalani kwanza ndipo yauzwe, na kati ya fungu moja na jingine watu wanaishi kwa kukopeshana. Mwenye shida ya haraka huuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Malipo yakichelewa, kijiji kizima kinakuwa kinadaiana. Wakulima wa huku hawahitaji kufundishwa uchungu wa kusubiri fedha ya mazao: wilayani Liwale, Aprili 2013, malalamiko ya malipo ya korosho yaliishia nyumba kuchomwa moto, na mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima uliwaacha wengine wakisubiri malipo kwa miezi.

Halafu kuna mifugo. Operesheni ya kuondoa mifugo Ihefu na Usangu, miaka ya 2006 na 2007, ilileta makundi makubwa ya ng'ombe Lindi, mkoa ambao wenyeji wake wengi hawakuwa wafugaji. Katika kata yetu eneo la malisho lilitengwa kwenye ramani, lakini lambo halikuchimbwa. Ng'ombe hawezi kunywa ramani. Kiangazi kikikaza, mifugo hushuka mabondeni kufuata maji, na njia ya kwenda mabondeni inapita katikati ya mashamba.

Jambo la tatu ni silaha. Kata inapakana na msitu wenye nguruwe pori, ngedere na tembo. Nyumba nyingi za wakulima zimekuwa na gobole la kienyeji kwa vizazi, la kutishia wanyama na kutafutia kitoweo. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 inataka kila silaha iwe na kibali. Mengi ya magobole haya hayakuwa nacho, na viongozi walijua hivyo, kwa sababu baadhi yao walikuwa nayo.

Mambo yalivyofuatana

Tumwite mkulima huyu Bwana S. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu, mtu wa kazi. Hakuwa na kesi yoyote polisi. Mwaka ule alikopa mbegu na vibarua akalima ufuta eka tatu, akitegemea mnada wa mwezi wa saba kulipa deni na kuezeka nyumba bati.

Mwezi wa tano ng'ombe waliingia shambani usiku. Asubuhi hapakuwa na cha kuvuna. Afisa kilimo alifanya tathmini, mwenye mifugo akakiri, wakakubaliana fidia ilipwe kwa awamu mbili mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Awamu ya kwanza ililipwa. Ya pili haikulipwa. Mfugaji alihamisha kundi lake kwenda kata nyingine na simu yake ikawa haipatikani.

Mwezi wa saba wenzake walipokea fedha za mnada. Yeye alifuatwa na aliyemkopesha. Mkewe alirudi kwao na mtoto mdogo, kwanza kwa kusema anakwenda kumuuguza mama, baadaye bila kusema kitu. Bwana S. alikwenda ofisi ya kijiji, akaambiwa aende kata. Katani aliambiwa baraza linasuluhisha tu, halina uwezo wa kumlazimisha mtu ambaye hayupo. Alishauriwa afungue madai mahakama ya mwanzo, na nauli ya kwenda huko ilikuwa zaidi ya alichokuwa nacho. Alirudi ofisini mara kadhaa. Daftari la wageni linaonyesha jina lake, na kwenye safu ya shida pameandikwa neno moja kila mara: "fidia".

Mwezi wa kumi mabibo yakaanza kuanguka na uraka, pombe ya mabibo, ukaanza kunyweka. Hapo ndipo alipoanza kusema. Kilabuni alitamka: "Msimu huu hauishi bila mimi kumlaza mtu." Shemeji yake alimsikia, akamwambia, "Shemeji, acha, utajiponza." Siku nyingine alimwambia mwenye kibanda cha chai kwamba asiwaruhusu wachungaji kukaa pale, "maana damu haichagui kikombe." Mjumbe wa shina alipoambiwa, alijibu kuwa hayo ni maneno ya uraka. Wiki ile ile Bwana S. aliuza baiskeli yake, akamkabidhi kaka yake cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkubwa, na akaonekana akisafisha gobole la marehemu baba yake.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja alifika kwenye kibanda kile. Walikuwapo wachungaji wawili, wakulima watatu na mama muuza chai. Alifyatua mara moja. Gobole hupakiwa kwa mdomo: baruti, kushindilia, vipande vya chuma, kushindilia tena. Alipokuwa akipakia mara ya pili, mkulima mmoja aliyekwisha kujeruhiwa begani alimrukia na kumwangusha. Mchungaji mmoja kijana, ambaye hakuwa na undugu wowote na mfugaji aliyekula fidia, alifariki njiani. Wanne walijeruhiwa, na mmoja wao alipoteza jicho.

Usiku ule: maamuzi na sababu zake

Sehemu hii inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu ndani ya saa tano kata ingeweza kupoteza watu wengi kuliko waliopigwa na gobole.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mtendaji wa kata. Mgambo walitaka kumfungia mtuhumiwa ofisini. Akakataa: mlango wa ofisi ni wa mbao, na umati ukijaa pale, viongozi wangekuwa ndani pamoja naye. Alimtoa kwa pikipiki kwa njia ya mashambani hadi kituo cha polisi, na watu walipofika ofisini hapakuwa na wa kumchoma.

Uamuzi wa pili ulihusu majeruhi. Gari lililokuwapo karibu lilikuwa la mfugaji mwingine. Baadhi ya wakulima hawakutaka ndugu zao wapande. Mtendaji na imamu wakasisitiza kwamba majeruhi wote wapande gari moja, na ndugu wa pande zote mbili wakae pamoja nyuma. Haraka ilihitajika, lakini zaidi ya hapo walitaka kituo cha afya kishuhudie wakulima na wafugaji wakishuka pamoja, kwa kuwa taarifa zingerudi kijijini kutoka huko. Polisi kata alikwenda nao ili PF3, fomu za polisi za matibabu ya majeruhi, zisicheleweshe matibabu.

Wakati huo kwenye simu ilikuwa inasambaa habari kwamba wafugaji wamewaua wakulima watano. Vijana walishaanza kukusanyika na mapanga na dumu la petroli. Imamu alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti majina ya waliojeruhiwa, jina la marehemu, na kwamba aliyefyatua ni mwenyeji na amekamatwa. Mwenyekiti mmoja alipinga majina kutajwa kabla ya familia zote kuambiwa, na hoja yake ilikuwa na uzito. Walikubaliana kutuma watu kwa familia ya marehemu kwanza, kwa pikipiki, kisha tangazo litoke. Uvumi ulikosa pa kushika mara tu watu waliposikia majina wanayoyajua.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya maboma ya wafugaji. Wengine walitaka waondoke usiku ule kwa usalama wao. Mtendaji aliona kuwa kuondoka kungeonekana kama kukiri kosa, na mamia ya ng'ombe kupita mashambani gizani kungezaa ugomvi mpya kabla hakujapambazuka. Badala yake wazee wanne wa kijiji, wakulima wote, walikwenda kulala kwenye maboma. Vijana wenye petroli walifika hadi kwenye mbuyu wa njia panda, wakaambiwa kina babu wako ndani, wakarudi. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliookoa maisha mengi kuliko wote.

Wiki zilizofuata

Kamati ya ulinzi na usalama ya kata ilipokutana, mapendekezo mezani yalikuwa msako wa bangi, kupiga marufuku ngoma za usiku, na kuwapa wafugaji notisi. Mjumbe mmoja alisema wazi kwamba huenda ni wale wa Kibiti. Haikuwa hoja ya kudharau. Mauaji ya Kibiti na Rufiji ya 2016 na 2017 yaliwamaliza viongozi wengi wa vijiji na askari, na Oktoba 2020 washambuliaji kutoka Msumbiji walivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tangu hapo mlio wa bunduki kusini una maana yake.

Afisa ustawi wa jamii aliomba kabla ya kuamua lolote waandike kila tukio la ukatili la miaka miwili lililokuwa kwenye daftari la kata, la kituo cha afya na la polisi: lini, wapi, nani na nani, waligombania nini, kilitumika nini, na nani alijua mapema. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na wajumbe walinung'unika. Lakini karatasi ilipobandikwa ukutani, chumba kilibadilika.

Matukio mengi yalikuwa kati ya watu wanaofahamiana. Yalijikusanya kwenye miezi ya fedha, yaani mwezi wa sita na wa saba, na tena kuanzia mwezi wa kumi. Wafugaji walihusika katika machache; mengi yalikuwa ya mume na mke, ndugu wa mirathi, mdai na mdaiwa. Bangi ilitajwa mara chache, pombe mara nyingi. Na karibu kila tukio zito lilitanguliwa na lalamiko ambalo mtu alikuwa amelifikisha ofisi fulani likakwama.

Kamati ikaamua mambo matatu. Kwanza, umoja wa wafugaji uwe mdhamini wa fidia: tathmini ikikamilika, umoja unalipa, kisha wenyewe wanamdai mwanachama wao. Pili, magobole yasalimishwe kupitia wazee na misikiti. Serikali ilikwisha kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha, mfano Septemba na Oktoba 2022, na njia hiyo watu waliifahamu. Tatu, vitisho viandikwe, na siku hiyo hiyo watu wawili wamtembelee aliyetamka, mmoja ndugu, mmoja anayemheshimu. Wanamuuliza deni limefikia wapi, na wanaomba silaha iwekwe kwingine.

Matokeo

Bwana S. alifikishwa mahakamani kwa mauaji. Familia ya marehemu ilihama. Umoja wa wafugaji ulilipa sehemu iliyobaki ya fidia ya ufuta, na fedha ikaenda kwa watoto wa Bwana S.; wapo waliokasirika, wakisema muuaji amelipwa. Imamu na mzee mmoja wa wafugaji walizunguka pamoja kueleza kwamba deni lilikuwepo kabla ya mauaji na watoto hawakumuua mtu.

Magobole kadhaa yalisalimishwa. Mengine yalifichwa, hasa kwenye mashamba ya pembezoni ambako nguruwe pori ni wengi na afisa wanyamapori hafiki. Msimu uliofuata kulikuwa na ugomvi wa mapanga uliojeruhi watu, lakini hakuna aliyepigwa risasi.

Uchambuzi

Wapo waliosema Bwana S. alipata wazimu. Ni jibu linalotuliza, kwa sababu linamtenga na sisi. Daktari aliyempima hakuona ugonjwa wa akili. Hata Marekani, ambako mashambulizi ya bunduki kwenye mikusanyiko yamechunguzwa kuliko kwingine, watafiti wamekadiria kuwa ugonjwa mkubwa wa akili unaeleza takriban asilimia 4 tu ya ukatili wote. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilichunguza washambuliaji 63 wa kati ya 2000 na 2013 na kukuta kuwa robo tu walikuwa wamewahi kutambuliwa na daktari kuwa na tatizo la akili, lakini asilimia 79 walisukumwa na kinyongo fulani, na asilimia 56 walikuwa wamemwambia mtu nia yao kabla. Ukiweka kisa chetu kando ya matokeo hayo, kinafanana nayo hatua kwa hatua: dai, fedheha, kugawa vitu, maneno, silaha. Mazingira ni tofauti kabisa. Huyu hakuwa na mtandao wa kumwonyesha wauaji wa mbali, hakutafuta sifa, na hakuwa na bunduki ya dukani. Hata hivyo njia aliyopita ilionekana, na wengi walimwona akiipita.

Ndiyo maana nakataa kauli ya "maneno ya uraka". Uraka haukumpa Bwana S. dai; ulimlegeza ulimi. Mtu anayetaja muda, anayetaja mahali, anayegawa vitu vyake na kusafisha silaha, ametoa taarifa. Shemeji na mjumbe walimsikia vizuri. Walichokosa ni mahali pa kulipeleka neno lile bila kuonekana wamemchongea ndugu yao polisi. Njia pekee waliyoijua ilikuwa ya kumfunga mtu, na nani atamfunga shemeji yake kwa maneno ya kilabuni? Kuwatuma watu wawili nyumbani kumefanya kazi kwa sababu kunaanza na deni la mtu, si na pingu.

Kuhusu silaha, hesabu ni ya wazi na inauma kuiandika. Mtu mwenye hasira ile ile, akiwa na silaha inayofyatua mfululizo, asingeangushwa akiwa anapakia. Mwaka 2017 mtu mmoja Las Vegas aliwapiga risasi mamia ya watu ndani ya dakika chache. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya 640,000 na kubana vibali. Hasira za Waaustralia hazikufutwa na sheria. Kilichopungua ni uwezo wa mtu mmoja kuua wengi kwa pumzi moja. Gobole lililofyatuka mara moja liliua mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya kulitoa ndani ya nyumba yenye ugomvi hata kama sababu nyingine zote bado hazijatatuliwa. Ila mkulima anayekesha na nguruwe pori hatalitoa kwa hotuba. Kata ilishindwa hapa. Iliomba silaha bila kuleta badala yake, na pembezoni watu walijibu kwa kuficha.

Tahadhari nyingine ni juu ya neno "yanazidi". Matukio yakipanda mwaka mmoja, kila mtu huchukua jambo analolichukia na kulifanya sababu. Marekani mauaji yalipanda kwa karibu asilimia 30 mwaka 2020, na miaka michache baadaye yakashuka sana. Wengi waliokuwa na jibu moja la kupanda hawakuwa na jibu la kushuka. Katani kwetu, msako wa bangi ungefanywa mwezi wa kwanza, matukio yangepungua mwezi wa pili kama kila mwaka fedha zinapokwisha, na kamati ingejipongeza. Karatasi ile ya ukutani iliizuia kujidanganya.

Fidia ya kudhaminiwa na umoja ndiyo hatua iliyofaulu kuliko zote, na ndiyo iliyo hatarini zaidi. Inategemea wafugaji wawe na umoja wenye fedha na wanaojuana. Makundi mapya yanayoingia kiangazi hayamo. Bila lambo, yataendelea kupita mashambani, na hakuna kamati ya kata inayoweza kuchimba lambo kwa azimio.

Pengo lililoonekana baadaye ni la nyumbani. Daftari la vitisho lilipoanza, waandishi wake walikuwa wenyeviti na wajumbe, wanaume watupu, na vitisho vya mume kwa mke havikuandikwa; vilihesabiwa mambo ya ndani. Karatasi ya ukutani ilikuwa imeonyesha waziwazi kuwa hayo ndiyo mengi. Msimu wa pili mwanamke mmoja alikatwa panga na mumewe siku tatu baada ya malipo ya korosho, na jirani watatu walikuwa wamesikia ahadi ya kumkata. Kamati iliongeza safu ya nyumba kwenye daftari na kumpa muuguzi wa kituo cha afya haki ya kuandika moja kwa moja bila kupitia kwa mwenyekiti. Sasa taarifa nyingi zinaletwa na yeye.